Maji Hayavunji Mfungo: Nguvu za Mwili, Afya ya Ngozi na Ibada Yenye Busara

Kila Dominika, hususan wakati wa Kwaresima na katika miezi ya joto kali, huonekana makanisani waamini wanaoketi ghafla Misa Takatifu ikiendelea. Wengine hushika kichwa, wengine hulazimika kutolewa nje ili wapepewe. Sababu za kizunguzungu na kuzirai ni nyingi, na baadhi yake huhitaji daktari. Hata hivyo, iko sababu moja ya kawaida ambayo haitajwi sana: mtu ameamka alfajiri, ametembea mwendo mrefu hadi kanisani, amesimama na kuimba kwa saa mbili au zaidi, na tangu jana jioni hajatia hata tone la maji kinywani. Akiulizwa, hujibu kwa unyenyekevu kwamba anataka kupokea Komunyo Takatifu, hivyo hakutaka kuvunja mfungo.

Jibu hilo limebeba heshima kubwa kwa Ekaristi Takatifu, na heshima hiyo isidharauliwe kamwe. Lakini sheria ya Kanisa haidai hivyo. Maji hayavunji mfungo wa Ekaristi. Makala hii inakusudia kueleza Kanisa linafundisha nini juu ya jambo hili, maji yanafanya kazi gani katika mwili na ngozi, na namna mwamini anavyoweza kuitunza zawadi hii ya Mungu kwa busara.

Sheria ya Kanisa inasema nini?

Kanuni ya 919 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa, uliotangazwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1983, inamtaka anayekusudia kupokea Ekaristi ajizuie kula na kunywa kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo. Kanuni hiyohiyo inaweka wazi mambo mawili yasiyohesabiwa katika katazo hilo: maji na dawa. Maana yake ni kwamba mwamini anaweza kunywa maji nyumbani kabla ya kuondoka, njiani, hata akiwa tayari amefika kanisani, na bado akaikaribia meza ya Bwana kwa amani ya dhamiri. Aidha, wazee, wagonjwa na wale wanaowahudumia wanaruhusiwa kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo moja.

Basi kwa nini wengi wetu tulifundishwa nyumbani kwamba hata maji hayaruhusiwi? Kwa sababu zamani ndivyo ilivyokuwa. Hadi katikati ya karne ya 20, aliyetaka kukomunika alipaswa kujinyima chakula na kinywaji chochote, maji yakiwemo, tangu usiku wa manane. Tarehe 6 Januari 1953, Papa Pio XII alitangaza kwamba maji halisi hayavunji tena mfungo huo. Aliwafikiria mapadre waliozunguka katika maeneo makubwa ya utume, wafanyakazi wa zamu za usiku, na waamini waliosafiri mbali ili kufika kanisani. Mwaka 1957 alifupisha mfungo wa chakula kuwa saa tatu, na mwaka 1964 Mtakatifu Paulo VI akaufanya kuwa saa moja. Kwa hiyo bibi na babu waliotufundisha kutokunywa maji hawakutudanganya. Walitukabidhi sheria waliyoipokea wao wenyewe utotoni. Ni wajibu wetu sasa kuwafundisha wajukuu sheria iliyopo, tukihifadhi ile heshima iliyokuwa ndani ya sheria ya zamani.

Je, siku za kufunga na "mfungo mkavu"?

Kwa Kanisa la Kilatini, siku za kufunga zinazowabana waamini wote wenye umri husika ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60; kujinyima nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14 na kuendelea. Katika siku ya kufunga, mwamini hula mlo mmoja kamili, na anaweza kula kidogo katika nyakati nyingine mbili za siku. Kunywa maji hakukatazwi hata katika siku hizo.

Hata hivyo, katika baadhi ya vikundi vya sala imezoeleka kile kinachoitwa "mfungo mkavu", yaani kukaa siku nzima, mbili au hata tatu bila chakula wala maji. Wanaoufanya hutaja mfano wa Esta na Wayahudi wa Susa, waliofunga siku tatu bila kula wala kunywa (Est 4:16), na wa Musa juu ya mlima Sinai (Kut 34:28). Mifano hiyo ni mitakatifu, lakini isomwe kwa mazingira yake. Taifa la Esta lilikuwa limekwisha kuhukumiwa kifo. Musa alikuwa mbele ya Mungu mwenyewe akipokea Agano. Hayo ni matukio ya pekee, wala Kanisa halijayafanya kuwa kanuni ya kila mwamini. Na tunapomtazama Bwana wetu jangwani, Mwinjili Luka anasema kwamba hakula kitu siku zile, kisha akaona njaa (Lk 4:2), hataji kiu.

Upo mfano mwingine ambao hautajwi sana na wapenzi wa mfungo mkavu. Nabii Eliya, akiwa amechoka na kukata tamaa, alijilaza chini ya mti akiomba afe. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimwamsha, akamwonyesha mkate na gudulia la maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha tena ale na anywe, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Kwa nguvu za chakula kile Eliya alitembea siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu (1 Fal 19:4-8). Kabla ya kumpa utume mpya, Mungu aliutunza mwili wa mtumishi wake.

Anayejisikia kuitwa kufanya mfungo mzito kuliko unaodaiwa na Kanisa, na azungumze kwanza na padre anayemwongoza kiroho, na kama ana ugonjwa wowote, azungumze na daktari pia. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo na mwenye vidonda vya tumbo wasiingie katika mfungo mkavu kwa kusukumwa na kikundi. Nabii Isaya alikwisha kutukumbusha kwamba mfungo anaoupenda Mungu unahusu kufungua vifungo vya uonevu na kumgawia mkate mwenye njaa (Is 58:6-7).

Maji na nguvu za mwili

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, takribani asilimia 60. Sehemu ya majimaji ya damu, ambayo hubeba chembe zake, ni maji kwa kiasi cha asilimia 90 hivi. Figo zetu huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu ndizo hutoka kama mkojo zikiwa zimebeba taka. Tunapoteza maji pia kwa jasho, kwa pumzi na kwa haja kubwa.

Ni vyema kueleweka kwamba maji si chakula. Hayana sukari wala mafuta ya kuupa mwili nishati. Nguvu tunayoisikia baada ya kunywa hutokana na sababu nyingine: maji huwezesha damu kuzunguka vizuri, ikipeleka hewa na virutubisho kwenye misuli na ubongo, tena hupoza mwili kwa njia ya jasho. Maji yakipungua, ujazo wa damu hupungua, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, na mtu anaposimama ghafla huona giza. Upungufu wa maji unaofikia asilimia moja au mbili tu ya uzito wa mwili unatosha kuleta uchovu, maumivu ya kichwa, hasira za haraka na kushindwa kumakinika. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni kati ya nusu lita na lita moja na robo: kiasi ambacho mkulima anaweza kukipoteza kwa kulima asubuhi moja juani.

Hivyo mwanafunzi anayesinzia mchana, mwalimu anayeumwa kichwa kila alasiri, au mwanakwaya anayekaukiwa sauti, na ajiulize kwanza: leo nimekunywa nini? Wengi wetu hukimbilia soda au vinywaji vinavyotangazwa kuwa vya kuongeza nguvu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 yaweza kuwa na sukari inayofikia takribani vijiko tisa vya chai, na vinywaji vya kuongeza nguvu huwa na kafeini, na mara nyingi sukari nyingi pia. Huchangamsha kwa muda, kisha uchovu hurudi.

Lakini tusiyape maji sifa yasiyo nayo. Mtu akinywa vya kutosha, akilala vizuri na kula vizuri, na bado anachoka kila siku, aende kituo cha afya. Huenda ana upungufu wa damu, malaria au ugonjwa mwingine. Vilevile kiu isiyokatika pamoja na kukojoa mara nyingi yaweza kuwa dalili ya kisukari. Kuomba ni vema. Kupima ni vema pia.

Maji na ngozi

Ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote vya mwili. Hutukinga dhidi ya vijidudu na hutoa jasho linalotupoza. Mtu aliyepungukiwa maji sana, ngozi yake hupoteza mnyumbuko, midomo hukauka na macho huonekana yameingia ndani. Anayekunywa maji machache kuliko anavyohitaji, akiongeza kiasi, anaweza kuona ngozi yake ikipata nafuu.

Hata hivyo, si kweli kwamba kadiri mtu anavyokunywa maji mengi ndivyo ngozi inavyong'aa bila kikomo. Mwili ukishapata kiasi unachohitaji, maji ya ziada hutoka kama mkojo. Unyevu wa tabaka la juu la ngozi hutegemea sana mafuta yake ya asili. Kwa hiyo anayetaka ngozi yenye afya afanye haya pamoja na kunywa maji: aepuke kuoga kwa maji ya moto sana na sabuni kali, ajipake mafuta ya kawaida mara baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, ale matunda na mboga za majani, ajikinge na jua kali kwa kofia, kanga au mwavuli, na aache sigara.

Hapa lazima tuseme neno juu ya mkorogo. Wapo waamini, wake kwa waume, wanaotumia vipodozi vya kujichubua vyenye zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi hapa Tanzania. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo, zile zile zinazotusaidia kutunza maji ya mwili. Kwa mama mjamzito, hudhuru hata mtoto aliye tumboni. Rangi aliyotupa Muumba haina kasoro ya kurekebishwa. Ngozi nyeusi iliyotunzwa kwa maji, mafuta na chakula bora ni sifa kwake aliyeiumba.

Kiasi gani kinatosha?

Hakuna sheria ya bilauri nane kwa kila mtu. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilipendekeza mwaka 2010 jumla ya lita 2 kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanaume, ikihesabu vinywaji vyote pamoja na maji yaliyomo ndani ya chakula, ambayo ni takribani sehemu moja ya tano. Makadirio hayo ni ya mahali pasipo na joto kali na kwa mtu asiyefanya kazi nzito. Anayeishi Dar es Salaam, Dodoma au Mombasa, anayelima, anayebeba mizigo au anayenyonyesha, huhitaji zaidi.

Kipimo rahisi ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, mwili una maji ya kutosha. Ukiwa mzito na kukaribia rangi ya chai ya rangi, maji hayatoshi. Na ukibaki hivyo hata baada ya kunywa, muone mhudumu wa afya. Utaratibu wa kawaida husaidia: bilauri moja unapoamka baada ya sala ya asubuhi, nyingine pamoja na kila mlo, chupa ya maji shambani au kazini, na bilauri moja kabla ya kwenda Misa. Mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda Namugongo kwa ajili ya sikukuu ya tarehe 3 Juni, wanywe kidogo kidogo njiani bila kungoja kiu, na wapate chakula chenye chumvi, maana jasho huondoa chumvi pia.

Wanaohitaji uangalifu wa pekee

Wazee huisikia kiu kwa uhafifu kuliko vijana. Mzee asipoomba maji, haimaanishi kwamba hayahitaji. Tunapowatembelea katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tusiishie kusali rozari. Tuwape kikombe cha maji na kuhakikisha wamekunywa.

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji. Maziwa ya mama yanamtosha hata wakati wa joto. Anayeharisha, awe mtoto au mtu mzima, apewe maji ya chumvi chumvi ya kuongeza maji mwilini yanayopatikana katika vituo vya afya. Yasipokuwepo, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, mpe mgonjwa kidogo kidogo, na umpeleke hospitali.

Wagonjwa wa moyo na wa figo waliopangiwa na daktari kiasi cha kunywa, wafuate agizo hilo na si makala hii. Hata kwa mwenye afya, kunywa lita nyingi kwa muda mfupi kwaweza kupunguza chumvi katika damu na kuleta hatari ya kweli. Kiasi ni fadhila katika maji kama katika mambo mengine.

Wapo pia wanawake na wasichana wanaojinyima maji makusudi kwa kuwa sokoni, shuleni au kanisani hakuna choo chenye staha. Matokeo yake ni maumivu ya kichwa na hata maambukizi ya njia ya mkojo. Kamati ya ujenzi inayopanga mnara wa kengele kabla ya vyoo, na itafakari upya mpangilio wake.

Maji yawe salama

Kuhimiza watu wanywe maji bila kusema maji gani ni kuwaweka hatarini. Maji ya mto, kisima cha wazi au bomba lisiloaminika yachemshwe mpaka yatokote vizuri, yapozwe yakiwa yamefunikwa, na yachotwe kwa chombo safi chenye mpini. Penye uhaba wa kuni, maji yasiyo na tope yaweza kuwekwa katika chupa angavu za plastiki na kuanikwa juani kwa saa sita. Siku za mawingu, kwa siku mbili. Kwa njia hizi tunajikinga na kipindupindu na homa ya matumbo.

Kwa wanaoishi kandokando ya Mlima Meru na Kilimanjaro, na katika Bonde la Ufa nchini Kenya, lipo jambo la ziada: baadhi ya maji ya ardhini yana madini mengi ya floraidi, yanayotia meno rangi ya kahawia na, kwa miaka mingi, kudhuru mifupa. Kuchemsha hakuondoi madini hayo. Jimbo Katoliki la Nakuru limewahi kuendesha mradi wa kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya wanyama. Familia za maeneo hayo ziulize chanzo kipi cha maji kimepimwa na kuthibitishwa, au zivune maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia.

Nilipokuwa na kiu

Katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa kuwa uhai wake unategemea maji hayo (na. 30). Siku ya Maji Duniani, tarehe 22 Machi, mara nyingi huangukia ndani ya Kwaresima. Huo ni wakati mwafaka kwa parokia kujiuliza: je, wanaokuja kwetu wanapata maji ya kunywa? Ndoo yenye bomba, vikombe safi na mtu wa kuvisimamia havihitaji harambee kubwa. WAWATA, vijana na watoto wa Utoto Mtakatifu wanaweza kuifanya huduma hii kwa zamu, na mtangazaji aseme wazi kabla ya Misa kwamba anayesikia kiu anaweza kunywa na bado akakomunika.

Kristo aliyeomba maji kwa mwanamke Msamaria, na akaona kiu Msalabani, ameahidi kwamba hata kikombe cha maji baridi kitolewacho kwa mmoja wa wadogo wake hakitakosa thawabu (Mt 10:42). Katika kila Misa, tone la maji huchanganywa na divai ndani ya kikombe, ishara ya ubinadamu wetu kuunganishwa na umungu wake. Tunapokunywa maji yetu ya kila siku, basi, tufanye ishara ya Msalaba, tushukuru, tunywe vya kutosha, na tumkumbuke jirani ambaye bado anayatafuta.